Mwaka wa Chai Huanza Novemba

Kwa Wajapani wanaofuata taratibu za chai, mwaka hauanzi Januari. Huanza Novemba, mtungi wa majani yaliyochumwa Mei unapofunguliwa. Mdomo wake umezibwa kwa karatasi tangu mavuno. Mwenyeji huikata kwa kisu kidogo mbele ya wageni, kisha majani husagwa kwa jiwe hadi yawe matcha, unga laini wa kijani, na wageni wale wale ndio huwa wa kwanza kuuonja.

Chai iliingia Japani kutoka China. Mwaka 1191 mtawa wa madhehebu ya Zen ya Ubuddha, Eisai, alirudi kutoka huko na mbegu, na baadaye akaandika kitabu cha kusifu manufaa yake kwa afya. Lakini aliyeupa unywaji huo sura tunayoijua ni Sen no Rikyu (1522–1591). Alipenda chumba kidogo, vyombo visivyo na makuu, na mlango mfupi unaomlazimu kila aingiaye, hata mtawala, kuinama na kutambaa. Mtawala aliyemtumikia, Toyotomi Hideyoshi, ndiye aliyemwamuru ajiue. Hata hivyo, elimu yake haikufa: shule tatu za ukoo wake zingali zinafundisha mjini Kyoto.

Miongoni mwa kanuni saba zinazonasibishwa na Rikyu, moja inamtaka mwenyeji ampatie mgeni ubaridi wakati wa joto na joto wakati wa baridi. Kanuni hiyo ndiyo inayogeuza chumba kizima. Kuanzia Novemba hadi Aprili, makaa huwashwa katika shimo la mraba lililokatwa sakafuni, karibu na wageni, ili moto uwafikie. Mei ikifika, shimo hufunikwa, na birika huhamia kwenye jiko la kubebeka linalowekwa mbali nao.

Bakuli nalo hubadilika. Kwenye baridi kali hutumika lililo refu na jembamba, lisilopoteza joto upesi. Kwenye joto hutumika pana lenye kina kifupi, ili chai ipoe. Kiangazi wageni huitwa asubuhi mapema, jua halijawaka. Majira ya baridi huitwa jioni, wakanywa kwa mwanga wa mishumaa. Kabla ya chai huliwa kitamutamu, nacho hufuata majira: umbo la ua la mcheri katika machipuko, jani jekundu wakati wa vuli.

Mashambani pia chai ina siku yake. Siku ya 88 tangu mwanzo wa machipuko katika kalenda ya jadi, yaani mnamo tarehe 2 Mei, huhesabiwa kuwa wakati wa kuchuma majani mapya, na inaaminika kuwa anayeinywa chai ya siku hiyo hupata afya na umri mrefu. Huko Uji, kusini mwa Kyoto, mimea ya matcha hufunikwa isipigwe na jua kwa wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, na hilo hupunguza ukali wake.

Wajapani wengi leo hunywa chai ya kawaida nyumbani, au ya chupa safarini. Wanaodumisha utaratibu huu ni wachache, na huchukua miaka kuujifunza. Anayeuona kuwa ni masharti matupu ya kushika bakuli hajautendea haki: karibu kila sharti lake limewekwa kwa ajili ya starehe ya mgeni.