Mama msusi akifariki: namna ya kuhifadhi kumbukumbu ya maisha yake

Katika makanisa yetu ya Masisi na Walikale, historia ya marehemu husomwa siku ya maziko kabla ya mahubiri. Akiwa mchungaji, mwalimu au chifu, karatasi huwa ndefu: shule alizosoma, kazi alizofanya, mahali alipotumwa. Akiwa mama aliyesuka nywele kibarazani karibu na soko, karatasi huwa fupi. Alizaliwa, akaolewa, ameacha watoto na wajukuu kadhaa, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Lakini watu waliokuja kulia hujaza uwanja mzima. Kila mmoja wao anajua jambo ambalo halikusomwa.

Makala hii inaeleza jinsi familia na ushirika wanavyoweza kuandika historia ya mama kama huyo, na kwa nini kazi hiyo isingoje.

Kwa nini tusingoje

Zamani mtu alizaliwa Nyabiondo, akazeeka Nyabiondo, na kaburi lake likawa karibu na shamba lake. Wajukuu walisikia habari zake jioni, kwenye moto. Vita vimevunja mpango huo. Januari 2025 mapigano yalifika Masisi-Katikati, na Machi yakafika Walikale-Katikati. Kati ya miezi hiyo miwili, wakimbizi wa ndani waliondoka katika kambi za pande za Goma, kama Bulengo na Lushagala. Leo familia moja inaweza kuwa na watu Pinga, Goma, Kisangani na hata kambi ya Nakivale huko Uganda. Bibi akifariki Pinga, mjukuu aliye Nakivale haoni kaburi wala haketi kwenye matanga. Kama hakuna kilichoandikwa, atabaki na jina tu.

Kazi ambayo haiachi kitu cha kuonyesha

Tunamkumbuka Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Petro alipofika, wajane hawakumwambia tu kwamba marehemu alikuwa mtu mwema. Walimwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea. Ushahidi ulikuwa mikononi mwao.

Msusi hana ushahidi wa namna hiyo. Masuko aliyokaa nayo tangu asubuhi hadi jua kuzama hufumuliwa baada ya majuma machache, na nywele husukwa upya na mkono mwingine. Kilichobaki kimo ndani ya watu waliokaa mbele yake. Kwa hiyo historia yake haiwezi kuandikwa na mtoto wake wa kwanza peke yake, usiku mmoja kabla ya maziko. Inahitaji wateja wake.

Tufikirie kazi yenyewe. Anayesukwa hukaa chini, kichwa kikiwa mikononi mwa mwingine, mgongo ukiwa umegeuzwa. Hawatazamani macho, na kwa sababu hiyo maneno mazito hutoka kwa urahisi: mume asiyerudi kutoka machimboni, mimba ya binti, deni, ndoto za usiku baada ya kukimbia. Msusi mwema husikia mengi na kutangaza machache. Kwenye benchi lake wanangojea pamoja Muhunde, Munyanga, Mutembo, Muhutu, Mututsi na Munande, hata katika majira ambapo watu wanaogopana sokoni. Tena, mwenye shamba akikimbia huacha shamba, na mwenye duka huacha duka. Msusi hukimbia na chanuo na vidole vyake, na kesho yake anaweza kuanza tena kambini. Bibi wengi wamelisha wajukuu yatima kwa njia hiyo, na ni jambo la kuandikwa.

Maswali ya kuuliza kwenye matanga

Siku za matanga ndizo nafasi bora, kwa kuwa mashahidi wamekusanyika. Shirika la wamama lichague watu wawili: mmoja wa kuuliza, mmoja wa kuandika. Simu inaweza kunasa sauti, mradi msemaji amekubali. Maswali yawe ya mambo aliyoyatenda, si ya sifa tu:

– Alikusuka mara ya kwanza lini, na ilikuwa kwa sababu gani: arusi, ubatizo, shule kufunguliwa?
– Nani alimfundisha kazi, na yeye alifundisha wasichana gani?
– Ni nani alisukwa bila kulipa, naye alisema nini?
– Alipenda kuchekesha watu kwa habari gani? Wimbo gani aliuimba akifanya kazi?
– Alipokimbia, alipita wapi, na alianza tena vipi?

Jibu moja lenye mahali na tendo lina faida kuliko kurasa za maneno kama “alikuwa na upendo.” Wajukuu watauona upendo wenyewe katika habari ya mjane aliyesukwa bure ili aende ubatizo wa mwanawe bila aibu.

Bibi wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Hapo tutumie matukio yanayojulikana. Je, alikuwa amezaliwa wakati wa uhuru, 1960? Nyiragongo ilipolipuka 1977, alikuwa msichana au mama tayari? Vita vya 1993, vilivyoanza Ntoto katika Walikale na kuenea Masisi, vilimkuta na watoto wangapi? Mlipuko wa 2002 ulimkuta wapi? Kwa majibu manne au matano miaka yake hupangika, bila kubuni tarehe.

Mambo ya kuacha

Siri za wateja wake zizikwe pamoja naye. Kama hakuzisema akiwa hai, sisi tusizitangaze kwa jina la kumbukumbu. Pia karatasi husafiri. Ikiwa kifo chake kina uhusiano na vita, tusiandike maneno yatakayowahatarisha waliobaki kijijini. Tendo lake la rehema linaweza kusimuliwa bila kumtaja aliyesaidiwa.

Liko na jambo jingine. Wamama wengine wa kazi hii waliumizwa kanisani kwa sababu ya maneno ya Paulo katika 1 Timotheo 2 na ya Petro katika 1 Petro 3 kuhusu kusuka nywele. Paulo anataja masuko pamoja na dhahabu, lulu na mavazi ya bei kubwa, kisha anaonyesha pambo analolitaka kwa mwanamke: matendo mema. Tunaweza kuzungumza juu ya mesh siku nyingine, lakini pembeni ya kaburi tuulize habari za matendo hayo. Paulo huyo huyo, akimwandikia Timotheo mara ya pili, anamtaja kwa jina bibi yake, Loisi. Imani ya kijana yule alianza kuitafuta kwa bibi.

Mahali pa kuhifadhi

Walikale ina mfano mzuri. Mwaka 1956 mzee wa Kinyanga, Candi Rureke, alisimulia kwa siku 12 habari za Mwindo, na wasikilizaji wakaandika. Mwaka 1969 kitabu kikachapishwa, na leo masimulizi hayo yanasomwa mbali sana na Walikale. Yalidumu kwa kuwa mtu alikaa na kuandika wakati mwenye kusimulia yupo.

Sisi hatuhitaji kitabu. Kurasa mbili zinatosha, katika nakala tatu: moja kwenye daftari la parokia, moja kwa familia, na moja ipigwe picha na kutumwa kwa wale walio mbali. Daftari linaweza kuungua au kuporwa, kwa hiyo nakala moja isitegemewe. Siku ya kuondoa matanga, kurasa hizo zisomwe mbele ya wote, ili mashahidi wasahihishe palipokosewa.

Yesu alisema juu ya mwanamke aliyempaka marhamu Bethania kwamba tendo lake litasimuliwa kwa ukumbusho wake popote Injili itakapohubiriwa. Marko hakuandika jina la mwanamke huyo, ila tendo aliliandika. Mama zetu wasusi tunawajua majina na matendo pia. Kama kuna mmoja katika ushirika wenu ambaye angali hai na amezeeka, msingoje matanga. Mwendeeni juma hili, mketi kwenye benchi lake, na maswali hayo mwulizeni mwenyewe.