Mla Magamba wa Uvira

Mageuzi ya viumbe, yaani mabadiliko ya sifa za kurithi katika jamii ya viumbe kizazi baada ya kizazi, hudhaniwa na wengi kuwa jambo la mamilioni ya miaka lisiloweza kushuhudiwa, lakini mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika umewawezesha wataalamu kuyafuatilia mwaka hadi mwaka ndani ya spishi moja ya samaki. Ziwa hilo, ambalo umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, lina spishi zipatazo 240 za siklidi, familia ya samaki ambayo kuhe ni mmojawapo, ingawa mikeke, sangala na ndagala wanaojaa sokoni katika mji wa Uvira, kwenye mwambao huo, hawamo. Na karibu siklidi wote hao hawapatikani kwingine duniani.

Miongoni mwao yumo Perissodus microlepis, anayeishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine walio hai. Mtafiti Nshombo wa Uvira na wenzake wa Japani walieleza mwaka 1985 jinsi chakula cha samaki huyo kinavyobadilika kadiri anavyokua, kwani samaki mchanga hula vijidudu vinavyoelea majini kabla ya kugeukia magamba. Kinachoshangaza zaidi ni kinywa chake: akilazwa kwenye sinia ya maabara na kutazamwa kutoka juu, huonekana kimepinda upande mmoja, kwa wengine kulia na kwa wengine kushoto. Mwenye kinywa cha kulia huvizia kwa nyuma na kuuma ubavu wa kushoto wa windo, na wa kushoto hufanya kinyume. Tumbo likipasuliwa na magamba yaliyomo kuwekwa chini ya hadubini, umbo la gamba huweza kuonyesha lilitoka ubavu gani.

Mwaka 1993 Michio Hori, mwanabiolojia wa Japani, alionyesha katika jarida la Science kwamba uwiano wa makundi hayo mawili hauendi kiholela, bali huyumba kuzunguka nusu kwa nusu. Wenye kinywa cha kulia wakizidi, mawindo huzoea kuulinda zaidi ubavu wa kushoto, hivyo wachache wanaoshambulia kulia hushiba kuliko wenzao, huzaa zaidi, na watoto wao huongezeka hadi nao wanakuwa wengi na kupoteza faida yao. Wataalamu huita hali hii uteuzi wa asili unaotegemea wingi, kwa maana kwamba thamani ya sifa hutokana na uchache wake. Kwa kuwa watoto huchukua muda kukomaa, marekebisho huchelewa, na ndiyo sababu uwiano huyumba badala ya kutulia.

Swali la urithi bado lina mabishano mazito. Hori aliona upindaji huo kama sifa inayoamuliwa na jeni, lakini majaribio ya maabara yameonyesha kwamba samaki mchanga asiye na uzoefu hushambulia pande zote mbili, kisha huzidi kupendelea upande mmoja kadiri anavyojifunza. Kwa hiyo mazoezi nayo yana nafasi yake, na kuyatenganisha na urithi kunahitaji uvumilivu zaidi ya kunavyohitaji chombo chochote cha kisasa.

Uvumilivu huo ulikuwa ndio hazina ya ushirikiano wa Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia cha Uvira na wanasayansi wa Japani, kwa sababu mzunguko wa miaka kadhaa hauonekani kwa mtu anayefika kwa msimu mmoja. Vita vilivyofika Uvira Oktoba 1996 viliutikisa utafiti huo, na pengo la sampuli, tofauti na hadubini iliyoharibika, haliwezi kuzibwa kwa kununua. Tishio lingine hushuka na mvua: milima iliyokatwa miti humwaga udongo ziwani, tope hufunika mawe ambamo samaki hujificha, na tafiti za miaka ya 1990 kaskazini mwa ziwa zilikuta spishi chache zaidi palipo na tope jingi. Mla magamba hutegemea wingi wa mawindo yanayoishi kwenye mawe hayo, hivyo anayetaka kuendelea kuhesabu vinywa vya kulia na vya kushoto hulazimika kuupima udongo unaotua juu ya mawe pamoja na samaki wenyewe.