Faida ya Kukata Kuni kwa Kipimo Kimoja

Wahenga walisema, "Haba na haba hujaza kibaba." Methali hiyo hutumiwa aghalabu kuwasifu wawekao akiba, lakini yafaa vilevile kuwaonya wapotezao, kwa maana haba na haba hukimaliza kibaba pia. Jambo hili huonekana wazi katika biashara ya kuni, ambamo mkulima aweza kupoteza fedha nyingi kwa sababu ya upana wa kiganja tu.

Biashara hii si ngeni katika Kenya. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na kwa muda mrefu injini zake nyingi zilichoma kuni. Mikaratusi ilianza kupandwa mnamo mwaka wa 1902 ili kuzipatia injini hizo chakula chao. Leo reli haina haja tena ya kuni, lakini viwanda vya majani ya chai vinazihitaji sana, kwa kuwa majani hukaushwa kwa joto la mvuke utokao katika boila. Kiwanda cha Ragati, huko Nyeri, kilifunguliwa mwaka wa 1957 kwa ajili ya chai ya wakulima wadogo, na tangu hapo viwanda vya namna hiyo vimeongezeka. Hivyo mkulima mwenye mikaratusi pembeni mwa shamba lake anao mnunuzi wa kuni karibu.

Kuni za kiwandani haziuzwi kwa matita kama zile zibebwazo kichwani. Hupangwa rundo, kisha hupimwa urefu wa rundo, kimo chake na upana wake. Na upana huo si kitu kingine ila urefu wa vipande vyenyewe. Vipimo hivyo vitatu vikizidishwa, hupatikana mita za ujazo, na malipo hufuata hesabu hiyo.

Chukua mfano wa rundo lenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 1. Ikiwa kila kipande kina mita 1 kamili, rundo hilo lina mita za ujazo 10. Vipande vikiwa na sentimeta 90, zimebaki 9 tu, na mnunuzi akilipia 10 amedhulumiwa. Vipande vikiwa na sentimeta 110, kuni zimekuwa mita za ujazo 11, na mkulima akilipwa 10 amejidhulumu mwenyewe. Akiuza marundo kumi ya namna hiyo, ametoa bure kuni za rundo zima: amepanda miti, ameilinda, ameikata, amelipia gari la kuzichukua, wala hapati hata senti moja.

Hali huwa mbaya zaidi vipande virefu na vifupi vikichanganywa. Hapo karani wa kupokea kuni hana budi kukisia, na makisio huzaa ugomvi. Aghalabu yeye huhesabu kwa vile vifupi, na mwenye kuni hurudi nyumbani akinung'unika kwamba ameibiwa, hali mwizi ni shoka lake mwenyewe.

Dawa yake ni rahisi. Zamani watu walipima kwa shubiri, kwa dhiraa na kwa pima. Lakini dhiraa ya mtu mrefu si dhiraa ya mtu mfupi, na wakataji wawili katika msitu mmoja watakuwa na vipimo viwili. Basi mkulima na atafute ufito mmoja mnyofu na mkavu, aukate mita 1 kamili kwa utepe wa kupimia, na kuutia rangi nyekundu katika ncha zake, usije ukatupwa pamoja na kuni. Mti ukiisha kuangushwa na kupunguzwa matawi, augeshe ufito huo juu ya gogo toka mwanzo hata mwisho, akitia alama ya chaki au ya panga kila mahali pa kukata. Alama zote zikiisha kutiwa, ndipo msumeno uanze kazi.

Kuna kosa moja ambalo hufanywa hata na watu hodari, nalo ni kutumia kipande kilichokwisha kukatwa kuwa kipimo cha kile kinachofuata. Kila kipande kikizidi chenzake kilichotangulia kwa sentimeta 1 tu, kipande cha kumi kitakuwa kimezidi kile cha kwanza kwa sentimeta 9. Kwa hiyo ufito ule ule mmoja utumike tangu asubuhi hata jioni. Tena, akatae kwa shoka huacha ncha za mshazari. Yampasa kupima toka katikati ya mshazari mmoja hata katikati ya mwingine. Msumeno ni bora, maana hukata wima na kuacha vibanzi vichache. Masalio mafupi ya gogo yasifichwe ndani ya rundo, bali yatengwe kwa jiko la nyumbani.

Faida haiishii katika malipo. Maji yaliyomo ndani ya kuni hutoka upesi zaidi kupitia ncha zilizokatwa kuliko kupitia gome. Kwa hiyo vipande vya urefu mmoja, vilivyopasuliwa kwa unene mmoja, hukauka kwa wakati mmoja. Kuni mbichi hupoteza joto lake kwa kuchemsha maji yake yenyewe kabla ya kumfaa mtu. Tena kipande kirefu kupita kiasi huuzuia mlango wa tanuri usifungwe, na hewa ya baridi huingia ikapunguza joto. Hata katika jiko la shule au la nyumbani, kuni itokezayo nje ya meko huwaka pasipo na sufuria.

Mwisho, mkulima aandike idadi ya marundo na vipimo vyake katika kitabu kabla gari halijaondoka shambani, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye ufito mmoja na kitabu kimoja hana haja ya kubishana na karani. Husimama kando ya rundo lake, akampa utepe, akamwambia apime mahali popote apendapo.