Nani Ndugu wa Nani Kule Juu?

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na wahusika wake hawajapiga hatua hata moja tangu waote. Hata hivyo ni hadithi ya safari, tena safari ndefu.

Hapo kale, kabla hajapatikana mtu wa kusema "hapo kale", Kilimanjaro ulikuwa bado unatema moto. Mlima ukainuka hadi kwenye baridi, theluji ikaanguka, na kandokando ya barafu pakabaki ardhi tupu isiyo na mwenyewe. Hapo ndipo ulipojikita mmea mmoja wa jamii ya alizeti. Jamii hiyo mnaijua: alizeti yenyewe imo, letusi imo, hata ule mchunga mchungu wa kupika na nazi umo. Wengi katika ukoo huo ni mimea midogo ya kuinama ukaing'oa. Huu wa mlimani ukaja kuwa mti. Wataalamu wanauita Dendrosenecio. Sisi tutasema senesio, tusije tukajing'ata ulimi.

Ukitaka kuuona, panda hadi bonde la Barranco, upande wa kusini-magharibi wa Kilimanjaro, karibu mita 3,900 juu ya bahari. Utakuta mashina manene yanayompita mtu kimo mara mbili na zaidi, kila tawi limeishia na shungi la majani mapana. Chini ya shungi, majani makavu ya miaka iliyopita hayajaanguka. Yamelivika shina koti zito. Mgeni akiona hivyo hudhani mti unakufa. Wala haufi. Koti hilo ndilo linaloulinda, na nitakaa hapa kidogo, maana sehemu hii naipenda kuliko zote.

Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden aliyefika kwenye milima yetu mwaka 1948, alieleza kwamba huko juu kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi. Usiku maji huganda. Asubuhi jua huchomoza likiwa kali, na majani huanza kupoteza maji papo hapo. Sasa fikirini: ikiwa maji yaliyomo ndani ya shina yameganda, majani yatakunywa nini? Yatakufa kwa kiu, na maji yako pale pale. Koti la majani makavu huzuia balaa hilo. Shina halifikii kuganda, na jua likiwaka maji hupanda bila kuchelewa. Jioni, majani mabichi hujikunja kuelekea ndani yakalifunika chipukizi la katikati hadi kuche.

Jirani yake, mmea uitwao lobelia wa Mlima Kenya, una mbinu nyingine kabisa. Huhifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku maji ya juu huganda yakawa kifuniko, ya chini hubaki maji, na chipukizi lililozama humo huamka salama.

Tuje kwenye fumbo lenyewe. Senesio hazipo Kilimanjaro peke yake. Zipo Meru, Mlima Kenya, Aberdare, Cherang'any, Elgon, Rwenzori, Virunga, na hata Kahuzi, mashariki mwa Kongo. Kwa jumla ni spishi 11. Kutoka Kilimanjaro hadi Meru ni kama kilomita 70. Hadi Mlima Kenya ni zaidi ya 300. Katikati yake kuna nyika, migunga na joto, mahali ambapo senesio haiwezi kuishi. Kila kilele ni kisiwa, na bahari inayokizunguka ni joto.

Tena, baadhi ya visiwa hivyo vina senesio za namna zaidi ya moja. Kwenye Mlima Kenya, juu kabisa kuna keniodendron, mti mrefu. Chini yake, kwenye majimaji, kuna keniensis, ambayo haiinuki sana kutoka ardhini. Chini zaidi, kuelekea msituni, kuna battiscombei. Kilimanjaro nako kuna ya juu, kilimanjari, na ya chini, johnstonii. Ukitazama sura tu, utasema zile za juu za milima yote ni ndugu wa tumbo moja, na zile za chini hali kadhalika. Wataalamu wa zamani hawakuwa na kingine cha kutazama ila sura, na ndiyo maana mimea hii imebadilishwa majina mara nyingi kiasi cha kumchosha msomaji.

Kumbe kila mmea umebeba maandishi. Ndani ya kila seli mna vinasaba, maandishi marefu ya herufi nne tu: A, T, G na C. Mmea ukizaa, maandishi hayo hunakiliwa, na mara chache sana herufi moja hukosewa. Kosa likishaingia, watoto hulirithi, na wajukuu, na vitukuu. Mwalimu yeyote anajua faida ya makosa: wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi, hajui lolote juu yao, lakini wakikosea swali lile lile kwa kosa lile lile la ajabu, anajua wameangaliziana. Wachunguzi wa vinasaba hutafuta makosa ya namna hiyo. Mimea miwili yenye kosa moja la nadra imelipata kwa babu mmoja. Na kadiri tofauti zinavyozidi kati ya koo mbili, ndivyo zilivyoachana zamani zaidi.

Mwaka 1995 Wamarekani wawili, Eric Knox na Jeffrey Palmer, walitoa matokeo yao baada ya kulinganisha spishi zote 11 kutoka milima hiyo. Walichunguza vinasaba vya kloroplasti, vile vipande vya kijani ndani ya seli vinavyotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Wakakuta sura zimewadanganya watu. Kwa sehemu kubwa undugu ulifuata mlima. Mti mrefu wa kileleni na mfupi wa majimaji, isiyofanana hata kidogo, inaweza kuwa ya karibu kwa damu kuliko miti miwili ya kileleni iliyofanana lakini inaishi milima tofauti.

Wakaichora na safari. Walikadiria kwamba senesio zilijikita kwanza Kilimanjaro, yapata miaka milioni moja iliyopita. Kutoka huko zikafika Aberdare, Mlima Kenya na Cherang'any. Kisha zikaelekea magharibi hadi Rwenzori, zikateremka kusini kwenye Virunga na Kahuzi. Nyingine zikarudi mashariki hadi Elgon. Hapo pa Elgon hunifurahisha: mlima mkongwe kuliko Kilimanjaro kwa mamilioni ya miaka, halafu wageni hawa wakaupitia wakiwa wanarudi.

Kila zilipofika, baadhi zilipanda na baadhi zikateremka, na kila mahali pakazifinyanga upya. Baridi ile ile ikadai koti lile lile. Hata ng'ambo ya bahari, kwenye milima ya Andes ya Kolombia na Venezuela, kuna mimea iitwayo Espeletia, nayo ni ya jamii ya alizeti lakini tawi lake ni jingine. Nayo ina shina nene, shungi la majani na koti la majani makavu. Haikuiga mtu.

Zilisafirije bila miguu? Mbegu ya senesio ni nyepesi na ina manyoya, upepo huibeba. Hali ya hewa nayo ilisaidia. Yapata miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa baridi kuliko leo, na mimea ya vileleni iliweza kuishi chini zaidi, kiasi cha mita 1,000 hivi. Visiwa vikapanuka, bahari ya joto ikapungua upana. Hali kama hiyo ilikuja na kuondoka mara nyingi.

Msidhani hadithi iliishia hapo. Mwaka 2020 Felly Mugizi Tusiime wa Makerere na wenzake walizichunguza tena senesio, safari hii wakitazama sehemu nyingi za vinasaba badala ya kloroplasti peke yake. Waligundua kwamba tofauti kati ya makundi ni ndogo, kama inavyotarajiwa kwa ukoo mchanga, na kwamba damu za milima mbalimbali zimechanganyika. Baada ya kuachana, ndugu waliendelea kutembeleana kwa upepo.

Kuna kimmea kingine kinachonisaidia kueleza namna vilele vyetu vinavyotunza koo. Kinaitwa Arabis alpina, kina maua meupe, na ni jamaa wa kabichi na sukuma wiki. Asili yake ni Asia Ndogo, yaani Uturuki ya leo, na kimefika kwenye milima ya Afrika Mashariki kwa zaidi ya ujio mmoja. Mwaka 2007 watafiti walilinganisha kile cha nchi za kaskazini mwa Atlantiki na kile cha kwetu. Huko kaskazini, eneo kubwa mno, vinasaba vyake karibu havitofautiani. Barafu ilikuwa imelifunika eneo hilo, ikayeyuka, na huenda ni kikundi kimoja tu kilichobaki kikaja kulijaza lote. Kwenye milima ya Afrika tofauti zilikuwa nyingi, zimepangika mlima kwa mlima. Vilele vyetu ni vidogo kwa eneo, ila vimehifadhi koo nyingi. Na koo zikiwa nyingi, ukija ugonjwa au joto lisilozoeleka, kuna uwezekano kwamba baadhi zitahimili.

Najua kuna mmoja wenu anataka kuuliza: kama upepo upo, mbona mbegu zisihame kila siku? Huenda zinahama. Lakini mbegu ikitua kileleni hukuta kila penye udongo pameshakaliwa, na mizizi ya wenyeji haimpishi mgeni. Nafasi hupatikana pale ardhi mpya inapofunuka.

Na sasa inafunuka. Tangu mwaka 1992 Kazuharu Mizuno, mtafiti kutoka Japani, amekuwa akifuatilia mimea iliyo mbele ya barafu ya Tyndall kwenye Mlima Kenya. Mwishoni mwa karne iliyopita barafu hiyo ilikuwa inarudi nyuma karibu mita 3 kila mwaka. Wa kwanza kuikalia ardhi iliyoachwa ni Senecio keniophytum, jamaa mdogo wa zile senesio kubwa, akiifuata barafu kwa mwendo unaokaribiana na wa barafu yenyewe. Mizizi yake hushika mchanga, majani yake yakioza huwa udongo. Senesio kubwa zinakuja nyuma, na bado ziko mbali na barafu.