Tairi za Majira ya Baridi kwa Pikapu Nzito

Wako watu wengi wa Afrika ya Mashariki ambao leo wanaishi na kufanya kazi katika nchi ya Kanada, na baadhi yao hupata riziki yao kwa gari. Huchukua vyombo vya ujenzi, huvuta trela, au huondoa theluji katika viwanja vya maduka. Kazi za namna hiyo hufanywa zaidi kwa pikapu nzito, zilizo kubwa kuliko pikapu tulizozoea kuziona katika barabara zetu za mashamba. Pikapu moja ya namna hii, ikiwa tupu, ina uzito wa kilo 3,000 hivi, na ikipakiwa yaweza kuzidi kilo 4,500.

Mtu anapoinunua kwa mara ya kwanza huutazama urefu wake, injini yake ya dizeli, na magurudumu yake manne yanayosukuma yote pamoja, akadhani kwamba gari lenye nguvu kama hizi haliwezi kushindwa na theluji. Dhana hiyo ina hatari. Makala haya yaeleza sababu yake, na jinsi mwenye gari awezavyo kuchagua tairi zitakazomfikisha nyumbani salama.

KUONDOKA NA KUSIMAMA

Yeyote aliyepata kuendesha gari penye matope wakati wa masika ajua ya kuwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne huondoka mahali ambapo gari la kawaida hukwama. Ndivyo ilivyo katika theluji pia. Lakini kusimama ni jambo jingine. Kila gari, liwe dogo au kubwa, lina breki kwenye magurudumu yake yote. Kwa hiyo dereva anapokanyaga breki, nguvu ile ya kusukuma haimwongezei kitu. Kinachomsaidia ni pale tu tairi inapogusa barabara, na mahali hapo kwa kila tairi ni padogo kuliko ukurasa wa daftari la shule.

Uzito nao hausaidii kama watu wadhanivyo. Ni kweli kwamba uzito huigandamiza tairi barabarani, lakini uzito uo huo ndio unaotaka kusimamishwa. Tena mwendo ukizidishwa mara 2, nafasi ya kusimamia huzidi mara 4. Dereva aendaye kilometa 80 kwa saa juu ya barafu ahitaji nafasi mara 4 ya yule aendaye kilometa 40. Na barafu iliyo mbaya kuliko zote si ile ya baridi kali kabisa, bali ni ile iliyo karibu na kuyeyuka, kwa kuwa juu yake pana maji membamba yanayoteleza kama sabuni.

MPIRA UKIPATWA NA BARIDI

Mpira wa tairi ya kawaida umetengenezwa kwa barabara yenye joto. Baridi inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Sentigredi, mpira huo huanza kuwa mgumu, kama samli inavyoganda asubuhi ya baridi kule Kinangop. Mpira mgumu haushiki tena vijishimo vidogo vya barabara. Sasa fikiri mji wa Winnipeg, ambako usiku wa mwezi wa Januari baridi hufika mara nyingi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Huko tairi ya kawaida huwa ngumu mno, na gari huteleza hata penye theluji kidogo.

Tairi ya majira ya baridi hutengenezwa kwa mpira uliochanganywa kwa namna nyingine, ili ubaki laini hata katika baridi kali. Meno yake ni marefu, na kila jino lina mikato mingi myembamba kama iliyochanjwa kwa wembe. Mikato hiyo hufunguka gurudumu linapozunguka, ikauma theluji na kufuta yale maji membamba juu ya barafu. Nayo theluji iliyojaa katika mifereji ya tairi husaidia, kwa sababu theluji hushikana na theluji nyenzake.

Yafaa kujua kwamba tairi ya kwanza ya namna hii ilifanywa kwa ajili ya magari mazito. Mwaka 1934, kiwanda kimoja cha mpira katika mji wa Nokia, nchi ya Ufini, kilitoa tairi ya majira ya baridi kwa malori. Tairi ya magari madogo ilifuata mwaka 1936.

ALAMA MBILI UBAVUNI

Mnunuzi akiitazama tairi ubavuni ataona alama. Ya kwanza ni herufi M na S, ambazo maana yake ni matope na theluji. Herufi hizo zaonyesha umbo la meno tu, wala si ushahidi kwamba tairi imejaribiwa katika theluji. Alama ya pili ni picha ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Tairi yenye picha hiyo imejaribiwa juu ya theluji, ikaonekana kuwa inavuta vizuri kuliko tairi ya kulinganishia.

Hata hivyo picha hiyo isimdanganye mtu. Jaribio lenyewe ni la kuvuta juu ya theluji, si la kusimama juu ya barafu. Zipo tairi za nguvu zenye meno makubwa, zilizokusudiwa kwa mawe na matope, ambazo nazo zina picha ya mlima. Zafaa kwa mtu apitaye zaidi katika theluji nene ya shambani. Lakini kwa yule aendaye kila siku katika barabara za mji zilizofunikwa na barafu, tairi iliyofanywa hasa kwa majira ya baridi ndiyo bora.

Sheria pia yataka kuangaliwa. Katika jimbo la Quebec tairi za majira ya baridi zililazimishwa kwanza mwaka 2008. Tangu mwaka 2019 muda wake waanza tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Katika British Columbia barabara kuu nyingi zahitaji tairi zenye moja ya alama hizi mbili tangu tarehe 1 Oktoba, tena meno yake yasipungue milimita 3.5. Miongoni mwake ni barabara ya Coquihalla, inayopanda milima hadi meta 1,244. Mwenye pikapu nzito na aulize jinsi sheria ya jimbo lake inavyolihesabu gari lake, maana magari mazito huwekewa kanuni zake.

UZITO USISAHAULIWE

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akiisha kujua alama ya mlima, huenda dukani akaonyeshwa tairi nzuri ya majira ya baridi, yenye kipimo kinachoingia katika rimu zake, na bei yake ni nafuu. Ainunua. Kumbe tairi ile ni ya gari la abiria, haikufanywa kubeba pikapu nzito.

Mlangoni, upande wa dereva, pana kibandiko kinachoonyesha uzito ambao kila ekseli yaruhusiwa kubeba. Tuseme ekseli ya nyuma yaruhusiwa kilo 2,700. Tairi ya gari la abiria yenye namba ya mzigo 116 hubeba kilo 1,250, lakini ikifungwa kwenye pikapu uzito huo hugawanywa kwa 1.10, ikabaki kama kilo 1,136. Tairi mbili basi hubeba kilo 2,272. Zimepungukiwa kwa kilo zaidi ya 400. Lakini tairi yenye herufi LT, yaani iliyofanywa kwa malori mepesi, na namba ya mzigo 121, hubeba kilo 1,450. Mbili zake hubeba kilo 2,900, nazo zatosha.

Tairi iliyozidiwa na mzigo huinama ubavuni, ikapata moto ndani, na mwisho yaweza kupasuka hata katika siku ya baridi. Kabla ya kupasuka, gari huyumba-yumba, hasa likivuta trela. Kwa sababu hiyo pikapu nzito nyingi hutumia tairi za LT za daraja la E, ambazo zaweza kujazwa upepo hadi pauni 80. Basi kanuni ni hii: mpira uwe laini kwa baridi, na tairi iwe imara kwa mzigo. Ukipata moja tu, hujanunua tairi ya gari lako.

UPEPO, MISUMARI NA MZIGO WA NYUMA

Baridi hupunguza upepo wa tairi. Tairi iliyojazwa pauni 80 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20, ikitolewa nje penye nyuzi 20 chini ya sifuri, itaonyesha pauni 67 hivi, ingawa haina tundu. Kwa hiyo upepo upimwe nje, asubuhi, kabla gari halijaondoka, na ujazwe kama kibandiko cha mlangoni kisemavyo.

Zipo tairi zenye misumari, yaani vipande vidogo vya chuma kigumu vilivyopandwa katika meno. Juu ya barafu tupu hushika vizuri sana. Lakini penye lami tupu hupiga kelele na kuila barabara, na ndiyo sababu sheria huzuia matumizi yake. Katika jimbo la Ontario, kwa mfano, ruhusa hiyo ni ya wakazi wa kaskazini. Mtu akae mahali gani, na apite barabara gani, ndilo swali la kujiuliza kabla ya kununua misumari.

Tairi za majira ya baridi zifungwe zote nne, tena za namna moja. Zikifungwa mbili mbele peke yake, mbele kutashika na nyuma kutateleza, na gari litageuka njiani. Pikapu tupu ina hatari hiyo zaidi, kwa sababu injini ya dizeli ni nzito mbele, na nyuma hamna kitu. Wenyeji wa huko huweka mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma. Shauri hili ni jema, ila mifuko ifungwe barabara isije ikaruka wakati wa kukanyaga breki, na uzito wake uhesabiwe pamoja na mzigo.

GHARAMA NA FAIDA

Huenda mtu akasema kwamba tairi nne za LT ni ghali, na kwamba atavumilia mwaka mmoja. Lakini mwenye tairi za namna mbili huzitumia kwa zamu. Za baridi zikifanya kazi, za joto hupumzika, na kila moja hudumu miaka mingi zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha ile haikupotea. Ila majira ya joto yafikapo, zile za baridi ziondolewe, kwa kuwa mpira laini huisha upesi juu ya lami ya moto. Na yule anayetaka kununua zilizotumika azisome namba 4 za mwisho zifuatazo herufi DOT. Namba 3824 maana yake ni juma la 38 la mwaka 2024. Mpira wa zamani huwa mgumu, hata kama meno yake bado ni marefu.

Msomaji ambaye hakusudii kutoka Kenya naye ana faida hapa. Theluji hatutaiona ila juu ya Mlima Kenya, lakini herufi LT, namba ya mzigo na tarehe ya kutengenezwa zimeandikwa pia kwenye tairi za pikapu zinazochukua maziwa, viazi na watu katika barabara zetu. Kabla hujapakia gunia moja zaidi, inama ukazisome. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii hujengwa kwa fedha nyingi kuliko bei ya tairi, na pengine kwa roho ya mtu.