Fahamu: Kuhama mtandao bila kupoteza namba

Muuza samaki wa Kilwa Masoko ameandika namba yake kwa rangi ubavuni mwa jokofu, na wateja wa Lindi wameikariri. Akibadili laini, anawapoteza. Lakini tangu Machi 2017, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), mteja anaweza kuhamia kampuni nyingine na namba yake ileile. Nenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka, ukiwa na kitambulisho, kisha tuma neno HAMA kwenda 15080. Kabla ya hapo lipa madeni, na tafadhali toa pesa zote zilizo kwenye simu. Salio halihami nawe. Waulize pia wavuvi kama mtandao huo unashika hadi Kilwa Kisiwani, maana ukishahama utasubiri siku 30 ndipo uhame tena.