Kutunga faharasa nyumbani: riziki ya subira kwa mpenda vitabu

Mzee mmoja, jirani yetu hapa Kaloleni, Arusha, alifika kibarazani kwetu siku moja baada ya sala ya alasiri, kitabu mkononi. Kilikuwa cha Kiingereza, cha zamani, chenye kurasa zaidi ya mia tatu kuhusu historia ya ardhi katika miteremko ya Mlima Meru. "Mwanangu," akasema, "nimeambiwa marehemu baba yangu ametajwa humu. Nitafutie." Nikafungua mwisho wa kitabu ili niliangalie jina katika faharasa. Faharasa haikuwapo. Ilinichukua jioni tatu kumpata marehemu yule. Alikuwa ametajwa mara mbili, na jina lake limeandikwa kwa tahajia mbili tofauti.

Kwa miaka kadhaa sasa kutunga faharasa za vitabu ndiko kunakoniwezesha kuchangia matumizi ya nyumba bila kutoka nyumbani. Wapo wasomaji, hasa akina mama waliohitimu vyuo na wanaolea watoto wadogo, waliouliza kazi hii huanzwaje. Nitaeleza ninavyoijua, pamoja na yale ambayo laiti ningeelezwa mapema.

Faharasa si ile orodha ya sura inayokaa mwanzoni mwa kitabu. Ni orodha ya mwishoni, iliyopangwa kwa alfabeti, inayomwonyesha msomaji kila jina, mahali au jambo liko ukurasa upi. Neno lenyewe limetujia kupitia Kiarabu, nacho kililipata kutoka Kiajemi. Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, aliita kitabu chake Al-Fihrist alipoorodhesha, mwaka 377 Hijria (987 Miladia), vitabu vya Kiarabu vilivyojulikana zama zake. Na yeyote aliyewahi kuitafuta aya huku akikumbuka neno lake moja tu, kisha akaipata kwa msaada wa Al-Mu'jam al-Mufahras ya Muhammad Fuad Abd al-Baqi, ameshaonja faida ya kazi ya namna hii.

Kazi huanza pale kurasa za kitabu zinapokuwa zimepangwa na kupata namba zake za mwisho. Mtunzi hutumiwa kurasa hizo kwa barua pepe, akapewa muda ambao mara nyingi ni wiki mbili au tatu. Husoma kitabu chote, neno kwa neno, huku akijiuliza katika kila aya: mtu atakayelihitaji jambo hili kesho atalitafuta kwa jina gani?

Chukua neno Arusha. Katika kitabu kimoja laweza kuwa mji, mkoa, au watu wanaoitwa Waarusha. Laweza kuwa Azimio la mwaka 1967, au mikataba ya amani iliyotiwa saini hapa, wa Rwanda mwaka 1993 na wa Burundi mwaka 2000. Laweza hata kuwa Arusha Chini, ambayo iko upande wa Moshi. Meru nayo ni mlima, ni Wameru, ni wilaya, na pia ni Meru ya Kenya, kando ya mlima mwingine kabisa. Mgeni asiyezijua sehemu hizi huzirundika zote mahali pamoja na kumwachia msomaji namba arobaini za kurasa zisizo na maelezo. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima huu tunazo tofauti hizo kichwani tangu utotoni, na huo ndio mtaji wetu wa kwanza.

Watu huuliza kama kompyuta haiwezi kuifanya kazi hii. Kompyuta hupata neno, lakini jambo laweza kuwapo ukurasani pasipo neno lake. Ukurasa unaosimulia jinsi Wameru walivyoondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951 waweza usiwe na neno "ardhi" hata mara moja, nao ndio hasa anaoutaka mtafiti wa ardhi. Kirilo Japhet, aliyepeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952, huenda katika aya tatu zinazofuata akaitwa "mjumbe" tu. Msomaji wa kibinadamu anajua kuwa ni yeye yule.

Kitabu kikiwa cha Kiswahili, linazuka tatizo ambalo miongozo ya Kiingereza hailigusi. Maneno yetu huanza kwa viambishi, kwa hiyo usipoangalia, makabila yote yatajaa kwenye W, lugha zote kwenye K, na mambo mazito yote ya dunia, uhuru, ujamaa, utumwa, ushirika, yatasongamana kwenye U. Waliopitia madrasa wanajua kuwa katika kamusi za Kiarabu hulitafuti neno mpaka upate mzizi wake. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilifanya jambo linalokaribiana na hilo kwa kuweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya kitenzi chao. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ikayapa nomino nafasi zake kwa umbo la umoja. Mimi hufuata hii ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka na wasomaji wa leo, kisha huongeza marejeo ya "tazama" kwa wingi: "kilimo, tazama pia wakulima". Mtunzi mwingine ataona vingine, na si kosa. Kosa ni kubadili utaratibu katikati ya kitabu.

Majina ya watu ndiyo yanayoniumiza kichwa zaidi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui hupangwa kwenye Mazrui, kwa kuwa hilo ni jina la ukoo. Tippu Tip hubaki Tippu Tip, pamoja na rejeo kutoka Hamed bin Muhammed. Katika historia ya TANU hutakiwi kuandika "Sykes" peke yake, kwani yupo baba, Kleist, na wapo wanawe Abdulwahid, Ally na Abbas. Lakini majina yetu mengi hayana ukoo. Tuseme baba ni Ali Hamisi Juma na mwanawe ni Juma Ali Hamisi. Kwa kanuni ya kigeni ya kutanguliza jina la mwisho, baba atakaa kwenye J na mwana kwenye H, kana kwamba hawajuani. Hapo mtunzi humwandikia mwandishi wa kitabu na kumuuliza watu wale wanajulikanaje kwao.

Sasa tuje kwenye kipato, na hapa sitapamba. Wachapishaji wetu wengi hutegemea vitabu vya shule na hadithi, na riwaya haihitaji faharasa. Kazi yenye malipo hutoka zaidi kwa wanataaluma wanaoandika kwa Kiingereza kuhusu Afrika Mashariki, na wengi wao wako ng'ambo. Katika mikataba mingi ya vitabu vya kitaaluma jukumu la faharasa ni la mwandishi mwenyewe, kwa hiyo mwandikie yeye kabla hujamwandikia mchapishaji. Hapa mjini nako kuna watafiti na mawakili wanaoizunguka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha tangu 2007, na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mmoja wao akiwa na kitabu njiani, heri akujue mapema. Bei hupatanwa kwa ukurasa, na hesabu ni ya kurasa za kitabu, si za faharasa. Uliza pia fedha zitakufikiaje, kwani zipo huduma za kimataifa zinazomruhusu Mtanzania kutuma fedha lakini si kupokea. Na usiache kazi uliyo nayo kwa ajili ya hii. Katika mwaka wangu wa kwanza nilipata vitabu viwili tu.

Cha pili kati ya hivyo kilinitoa machozi. Niliianza kazi kabla kurasa hazijawa za mwisho, kwa maneno ya simu tu. Nilipokwisha kukabidhi, picha zikaongezwa katika sura ya pili, na namba zote za mbele zikasogea. Nilizirekebisha kwa usiku nne, mwezi wa Ramadhani, bila kulipwa hata senti ya ziada. Aya ya deni katika Suratul Baqara inatuagiza kuandika, nami nimeisoma mara nyingi tangu utotoni. Siku hizi sianzi mpaka yaandikwe manne: idadi ya kurasa, bei, siku ya kukabidhi, na malipo ya marekebisho yasiyotokana na kosa langu.

Kuhusu mafunzo, chama cha Society of Indexers cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1957, hufundisha kwa masafa, lakini ada yake ni ya pauni na si nyepesi kwa anayeanza. Anza bure. Chukua kitabu chenye faharasa nzuri, ifunike, utunge yako kwa sura mbili, kisha ulinganishe. Utaona aibu, na utajifunza. Kadi za karatasi zinatosha, au jedwali la Excel. Programu maalumu kama Cindex, Macrex na SKY Index zinaweza kungoja.

Wala usidhani kazi hii hufanyika mtoto akiwa magotini. Inataka saa mbili au tatu zisizokatizwa. Zangu ni baada ya alfajiri, kompyuta ikiwa imechajiwa usiku kwa kuhofia umeme kukatika, na mume wangu ndiye anayewaandalia watoto chai siku za kukabidhi. Bila makubaliano hayo ya nyumbani nisingekamilisha kitabu hata kimoja.

Yule mzee nilimrudishia kitabu chake pamoja na karatasi nne zilizokunjwa nyuma ya jalada, zenye majina ya wazee wote waliotajwa humo na kurasa zao. Haikupita wiki, akaja jirani mwingine kukiazima.